Tembe Saba za Waswa

Ahero, Jumamosi 3 Februari 2024

Kwa Waswa, fundi wa viatu, soko la Kibuye

Omera Waswa,

Mimi Ondiek niko na miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko mameneja kumi na mmoja wa skimu ya mpunga. Nimeishi kuliko ndugu zangu wote wanne, na kuliko ile pampu kubwa tuliyoendesha mimi na wewe, ile iliyokula masikio yako. Mafuriko yamebeba nyumba yangu mara tatu na mara tatu nimejenga pale pale. Kwa hivyo ukitaka kuuliza mtu habari ya hospitali, umeuliza mtu mwenyewe.

Maximilla alinipatia karatasi yako akitoka kuuza mchele huko Kibuye. Ati alitaka kunipigia simu akiwa kibandani kwako nikuelezee kwa mdomo, ukakataa. Ulifanya vizuri. Wewe na hayo masikio, ningepiga kelele hapa mpaka Ahero yote ijue daktari aliingiza kidole wapi. Heri karatasi.

Sasa sikia. Unasema damu yako imeonyesha tezi dume iko na shida na wanataka kutoa vinyama wapime kama ni kansa. Mimi vyangu walitoa Agosti. Unalala ubavu, unakunja magoti, wanapitisha chuma huko nyuma. Inalia ta, ta, ta, mara kumi na mbili. Jamaa aliyenitangulia, mwalimu mzima, alitoka akimwita mamake. Mimi nilimwuliza daktari kama amemaliza na yeye alikuwa bado katikati.

Wakakuta ni kansa. Oktoba wakanipasua wakatoa tezi yote. Nilitoka huko nikitembea na miguu yangu.

Halafu kuna tembe. Ukishatolewa vinyama watakupatia tembe za kuua wadudu, umeze asubuhi na jioni siku tano. Mimi nilimeza siku ya kwanza kuheshimu nesi, zingine nikarusha kwa mfereji. Zinaharibu tumbo, na hizo ni za watu wa ofisi. Mtu amekunywa maji ya mfereji wa Kano tangu azaliwe, ni mdudu gani atamtisha?

Mke wako Nabututu asione hii. Ukimaliza kusoma, choma.

Ni mimi,
Ondiek


Kibuye, Jumapili 11 Februari 2024

Mzee Ondiek,

Karatasi nimesoma, nimechoma, imechemsha chai. Nabututu akaniuliza kwa mikono ni nini naunguza, nikamwambia ni karatasi za kampeni.

Umenieleza sindano ukurasa mzima. Sikuuliza sindano. Mimi nilikuwa natia mkono kwa pampu ikizunguka, sindano ni nini kwangu? Niliuliza mambo ya kitanda, na hapo umeruka kama mtu anavuka mtaro.

Daktari wangu ni kijana mpole. Kwa vile sisikii aliniandikia: wakikuta kansa na wakitoa tezi, wanaume wengine nguvu zinarudi, wengine zinarudi nusu, wengine hazirudi. Nikamwandikia chini yake, mimi ni wa ngapi? Akacheka, akaandika, hatujui.

Wewe unajua mke wangu wa kwanza Nabwire alipokufa nilikaa miaka sita peke yangu kwa kile chumba cha Manyatta. Watu wananisalimia njiani, mimi sijui kama wanasalimia au wanatusi. Halafu Nabututu akakuja. Mchana tunaongea kwa mikono. Tukizima taa hata mikono haionekani, na hapo tunabaki na lugha moja tu. Kama hiyo itaisha, tutakaa na yeye kama mizigo miwili stendi.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Jibu lako likiwa baya, naacha hiyo kitu ikae ndani, inimalize polepole inavyotaka. Sitaki hata kupimwa. Jibu likiwa zuri, ninaenda tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, siku waliyonipatia. Sijui mtu mwingine aliyepitia huko. Nitafuata neno lako.

Niambie kama mtu wa nyumba ya pampu. Wewe na Adero, bado?

Wako,
Waswa


Kibuye, Jumapili 3 Machi 2024

Mzee Ondiek,

Maximilla anakuja na mchele bila karatasi. Siku zimebaki tisa.

Waswa


Ahero, Jumamosi 9 Machi 2024

Omera,

Usinisukume. Sikunyamaza bure, nilikuwa nangoja mvua inijibie.

Mvua ilinyesha Jumatatu, ile ya kulainisha udongo. Jumanne nikaingia kwa nyumba ya Adero. Jumatano asubuhi nikatoka na jembe begani, nikaita Calvince, nikamwambia mbegu imefunguliwa, sasa ni wewe. Alhamisi Calvince akapanda. Ijumaa Ouma.

Umekaa na sisi Wajaluo miaka arobaini, hii si kitu nitakufundisha leo. Wewe mwenyewe ulikuwa unatucheka pale pampuni, ukisema mahindi ya Wajaluo yanangoja kitanda cha mzee. Ndiyo, yanangoja. Hiyo ndiyo golo kodhi. Hakuna mbegu inaingia kwa udongo wa boma langu mpaka mimi nilale na Adero, mke wa kwanza, mikayi, na kulala hapo si usingizi. Halafu kijana mkubwa na mke wake, halafu yule anayemfuata. Mtu akiruka hiyo, chira, laana ya mwiko, inaingia kwa boma, wajukuu wanakonda wakiangaliwa. Hakuna mzee mwenye akili anaweza kuchezea hiyo.

Sasa mtume mtu yeyote asimame barabarani, aangalie kwangu. Ataona mistari ya mahindi ya Calvince na mistari ya Ouma. Umeniuliza swali la kitanda, shamba ndilo limekujibu. Mimi ni dume kama lile tulilouza mwaka ule, lililovunja ua likatoka na ua.

Nenda Jumanne. Wakikuta kitu, kubali wakupasue. Na zile tembe nilishakuambia.

Choma na hii.

Ni mimi,
Ondiek


Kibuye, Jumatano 13 Machi 2024

Mzee Ondiek,

Nimerudi. Ta, ta, ta yako sikuisikia, lakini nilihesabu kwa mgongo, ni kumi na mbili kweli. Mkojo uko na damu kidogo, wamesema ni kawaida.

Nilimwonyesha Nabututu kwa mikono habari ya shamba lako. Nilionyesha mvua, nikaonyesha mzee, nikaonyesha kitanda, nikaonyesha mahindi. Alicheka mpaka akafunika uso na leso. Tumeelewana na yeye. Majibu yakitoka na kansa, nitakubali kisu. Umenitoa mzigo, ndugu yangu. Wiki tano nilikuwa nashona viatu vya watu nikijiuliza kama niuze kibanda nirudi nikafie Busia.

Tembe walinipa kumi. Jana nimemeza mbili, leo asubuhi moja. Tumbo linakimbia, na wewe unajua choo cha soko kiko wapi na kibanda changu kiko wapi. Kwa vile zako ulirusha kwa mfereji, zangu saba nimeweka kwa kopo la misumari. Nimemwambia Nabututu nimemaliza.

Nesi aliniandikia kwa herufi kubwa, UKISIKIA BARIDI RUDI HAPO HAPO. Tangu saa sita nasikia baridi kidogo, lakini pia kumenyesha. Wewe umepita hii njia. Maximilla anatoka hapa saa tisa, utapata karatasi hii leo leo. Kama hiyo baridi ni kitu, piga simu ya Nabututu umwambie. Ukinyamaza nitajua si kitu.

Wako,
Waswa


Ahero, Jumapili 17 Machi 2024

Shemeji Waswa,

Ni mimi Adero, Mama Calvince. Sijawahi kukuandikia, na leo naandika haraka kwa sababu Maximilla amesimama mlangoni na magunia yake.

Asubuhi nimetoa koti la mzee nifue, nimekuta karatasi yako ya Jumatano, na chini yake ile ya mwezi wa pili. Nimesoma. Nimepiga simu ya Nabututu mara nne, inalia haichukuliwi. Pengine mko kanisani. Naomba mwe mko kanisani.

Shemeji, meza hizo tembe. Kama bado unasikia baridi usimeze kitu, nenda hospitali sasa hivi, hata na pikipiki, usingoje kubadilisha nguo. Mzee alirusha zake kweli, hapo hakukudanganya. Ile hakukuambia ni kilichofuata. Siku ya tatu alianza kutetemeka, kitanda kikawa kinagonga ukuta. Calvince na Ouma walimbeba juu ya mlango kama machela. Alilala wodini siku tisa, dripu mikono yote miwili, akiniita kwa jina la mamake. Daktari aliniambia wadudu walikuwa wameingia kwa damu, na tungechelewa hadi jioni tungerudi na maiti. Aliporudi nyumbani alituapisha wote tuseme ilikuwa malaria.

Na lile swali lako la kitanda. Ni aibu kuandikia shemeji, lakini wewe uliuliza ukweli. Tangu apasuliwe Oktoba hakuna. Mkojo pia haushiki, anavaa pampasi kama mtoto. Hiyo Jumanne ya mvua alikuja kwangu, akaketi kwa kiti na koti lake na viatu. Nilimwambia, baba, njoo tu tulale, Mungu anaona. Asubuhi akatoka na jembe akamwita Calvince. Mimi nilinyamaza. Ni mume wangu, na vijana walikuwa wamesimama pale na mbegu mkononi.

Nilijua anadanganya watoto. Sikujua anakudanganya wewe.

Adero


Manyatta, Alhamisi 21 Machi 2024

Baba Calvince,

Waswa alikufa Jumapili, saa tano asubuhi. Simu ya Mama Calvince nilikuta baadaye. Ilikuwa kwa kikapu na mimi nilikuwa nimeshika miguu yake, ilikuwa inaruka.

Sikuandikii kukulilia. Iko kitu nataka na ni wewe tu uko nayo.

Tangu Alhamisi alikuwa anatetemeka. Nilimwambia twende hospitali. Akanionyesha kwa mikono, mvua. Ijumaa nikamwambia tena. Akanionyesha mzee, akanionyesha simu, akafunga mdomo na kidole. Sikuelewa. Nilifikiri anasema nisimsumbue. Kila simu ikiwaka taa alikuwa anaangalia uso wangu nikisoma jina. Jumamosi hakujua tena mimi ni nani. Ndio nikaita majirani tukamkimbiza, na daktari akaniuliza tulikuwa wapi.

Cliff, kijana wa marehemu Nabwire, ametoka Busia na wazee watatu. Alifungua kopo la misumari akitafuta kitambulisho cha babake, akakuta tembe saba. Sasa anasema mimi nilificha dawa. Ati nilimngoja babake afe nibaki na kibanda na kiwanja. Wazee wananiangalia na hawali chakula changu. Wamesema kama sina jibu Jumapili, maiti itaondoka Jumatatu na mimi nitabaki Manyatta. Baba Calvince, sitamzika mume wangu.

Barua ya Mama Calvince ilinifikia Jumatatu. Nikawasomea. Cliff akasema wanawake hawakosi kuteteana, na mzee wa Ahero ni mzima kabisa, shamba lake limepandwa, kila mtu anajua. Barua zako wewe Waswa alikuwa anachoma. Niliona moshi, sikuona maneno.

Wanataka neno la mwanaume mwenyewe. Kama uko nalo, lete. Kama huna, uniambie pia, nijue.

Nabututu


Ahero, Jumamosi 23 Machi 2024

Kwa Nabututu, na kwa Cliff mwana wa Waswa, na wazee wa Busia

Nabututu, nitakuja kesho Manyatta mimi mwenyewe. Lakini karatasi hii isomwe kwanza, nikiwa nimekaa hapo. Mdomo wangu naujua. Ukianza kusema utaanza kujisifu, na tukifika katikati ya maneno mtakuta nimekuwa mtu mzuri. Kwa hivyo asome mwingine. Cliff asome, yuko na shule.

Dawa hakuna mtu alimficha Waswa. Ni mimi nilimwambia aache. Nilimwandikia tarehe tatu mwezi wa pili na nikamkumbusha tarehe tisa mwezi wa tatu. Mimi huandika polepole, naandika kwanza kwa daftari halafu nanakili. Daftari hiyo nakuja nayo. Cliff ataona mkono ni wangu na mahali nimefuta. Nakuja pia na barua yake ya tarehe kumi na tatu, aliyosema ameweka tembe saba kwa kopo na amemdanganya mke wake kwamba amemaliza. Ni mwandiko wa babako, Cliff, unaujua.

Hiyo barua ilinifikia Jumatano saa kumi na moja jioni. Andikeni hiyo saa. Nilikuwa nimeketi kwa daraja la mfereji. Nilisoma mara tatu. Alisema anasikia baridi, na kama ni kitu nipige simu. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji, na namba ya Nabututu iko ndani. Ile baridi mimi naijua kuliko mtu yeyote. Inaanzia kwa kucha. Mimi ilinilaza wodini siku tisa, ile niliyoambia watu ni malaria.

Sasa mtauliza kwa nini sikupiga. Nimejiuliza wiki nzima na jibu ni dogo, ni aibu hata kuliandika. Ningemwambia Nabututu mpeleke haraka, angeniuliza, wewe unajuaje? Ningesema niliugua. Angeuliza, mbona ulisema ni malaria? Na nikishatoa uongo mmoja ningetoa na ule mwingine, na ule mwingine ulikuwa tayari umepandwa, Calvince amepanda, Ouma amepanda. Nikasema ngoja kesho. Alhamisi nikasema pengine baridi yake ni ya mvua kweli. Ijumaa nikasema angekuwa mgonjwa wangeshanipigia. Nabututu, umesema alikuonyesha mzee, na simu, na mdomo umefungwa. Alikuwa anakuambia Ondiek hajapiga, kwa hivyo si kitu.

Sasa huo uongo mwingine. Vijana wangu wameusikia leo asubuhi kutoka kwangu, kabla wausikie kwa soko.

Tangu Oktoba mimi si mwanaume wa kitandani. Kile kitu kimelala hakiamki. Daktari alinieleza mapema inaweza kuwa hivyo na akasema iko dawa ya kujaribu, iko hata kifaa kama pampu ndogo ya mkono. Nilimwambia nimeendesha pampu za kunywesha mashamba ya watu elfu, sitafungwa hiyo. Nikatoka kabla amalize. Mkojo nao unatoka wenyewe nikicheka, nikikohoa, nikiinama. Ndiyo maana mwaka huu sikuonekana kanisani. Mbegu ya boma langu sikufungua. Nilikaa kwa kiti mpaka kukakucha.

Ningemwandikia Waswa hayo, pengine angekataa kisu na kansa ingemla baada ya miaka. Nimejiambia hivyo sana, kwamba nilimdanganya nimwokoe. Msikubali. Wakati naandika ile barua ya shamba sikuwa nafikiria Waswa. Nilikuwa nafikiria vile atanisoma. Ningetaka kumwokoa, ningemwambia meza tembe, hiyo haikuwa na aibu yoyote ndani. Niliweka maneno ya tembe kwa sababu yalikuwa yananipendeza.

Nilipowaambia, Calvince alitoka nje. Alienda akasimama kwa shamba, mahindi yameshatoa majani mawili. Ouma ndiye aliuliza, baba, sasa tung'oe au tuache? Wazee wa hapa wanakutana Jumatano wanieleze la kufanya, na watoto wa Calvince wamepelekwa kwa nyanya yao mzaa mama mpaka hapo. Mke wa Calvince hakuniaga.

Wazee wa Busia, mwacheni Nabututu amzike mume wake. Alimwambia twende mara mbili na mume akakataa kwa sababu alikuwa anangoja neno langu. Mkitaka mtu wa kuacha nyuma Jumatatu, mniache mimi. Kuzika Waswa siendi, sistahili kushika ule udongo. Kesho nitakaa hapo Manyatta, mtaniambia mnachotaka kuniambia, halafu nitarudi Ahero.

Najua nimekuwa mtu wa maneno makubwa na hamwezi kunichukua hivi hivi. Waulizeni hawa. Adero mke wangu, aliyelala peke yake mimi nikiwa kwa kiti. Calvince na Ouma, walionibeba na mlango Agosti, na mlango bado una alama ya damu mahali nilijigonga nikitetemeka. Mercyline, nesi wa wodi ya wanaume, aliyenibadilisha shuka siku tisa na kunikataza mwenyewe kwamba nisiwahi kumwambia mtu mwingine arushe tembe. Na Maximilla muuza mchele, anayeninunulia pampasi Kibuye kila Jumapili na kuzileta chini ya magunia. Yeye anajua saizi.

Ondiek